Upande wa Kulia wa Kifua cha Nduguyo

Mwanangu Nasra,

Salamu nimekupa asubuhi, na nitakupa tena kesho bandarini, kwa hiyo humu naziruka. Naruka pia mambo ya nguo, chakula, simu na watu wa kuwatafuta ukifika bara, kwa sababu mama yako tangu juzi hazungumzi jambo jengine. Mimi nimesali laasiri, nimefunga duka mapema, nimesukuma mizani na koleo pembeni ya meza, nnataka kukueleza habari moja tu. Unakwenda kusomea udaktari. Habari hii ni ya ugonjwa, lakini inakuhusu na wewe, zaidi ya unavyokumbuka.

Unanijua baba yako. Mimi ni mtu wa shaka. Mtu akiniletea bangili akisema ni ya marehemu bibi yake, kabla sijampa pole nshaisugua kwenye jiwe nione ni dhahabu au shaba iliyopakwa. Mama yako husema hata mwezi wa Ramadhani ukiandama mimi nauliza nani kauona. Usonara umenilea hivyo, na dukani shaka hiyo imeniokoa mara nyingi. Nyumbani ndiko ilikonitia hasara, na hasara yenyewe ilikaribia kuwa nduguyo.

Mwaka ule wewe ulikuwa na miaka sita, na Haitham ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Bibi yako wa Jambiani alianguka akavunjika nyonga, mama yako akaenda kumuuguza. Tukabaki sisi watatu hapa Mkunazini, duka chini, nyumba juu. Nikamtafuta Bi Tatu, mjane wa Jang'ombe, mtu mzima mwenye wajukuu, akae nanyi mchana mpaka nifunge duka. Bi Tatu hakuwa na neno. Alipika vizuri, nyumba ilinukia usafi, na Haitham alikuwa halali mpaka yeye ampakate. Lakini mimi kila nikipanda ngazi nilikuwa napanda na maswali. Mbona sukari imepungua? Mbona mtoto amelala saa hizi? Nani alikuwa akicheka kabla sijafika?

Siku moja adhuhuri nilipanda kula, nikamkuta amempakata Haitham. Macho ya mtoto mekundu, kamasi zinamchuruzika, anakohoa kikohozi kikavu. Wewe umekaa karibu na mlango, umenyamaza.

“Kafanywa nini huyu?” nikauliza.

“Sijui, Bwana Suleiman. Nlikuwa juu ya dari naanua nguo, mvua inakuja. Nimeshuka nkamkuta analia na kukohoa. Ghafla tu. Asubuhi alikuwa mzima.”

Utakapokuwa daktari, Nasra, utatamani kila mtu akupe maneno kama hayo. Ghafla tu. Asubuhi alikuwa mzima. Ugonjwa wote ulikuwa mle ndani. Mafua hayaingii hivyo. Mafua hubisha hodi, mtoto huanza kwa kukataa chakula, akachemka kidogo, akakohoa kesho yake. Lakini mimi nilisikia jambo moja tu katika maneno ya Bi Tatu, kwamba aliwaacha peke yenu. Nikakasirika, nikala nusu sahani, nikashuka.

Jioni nilipofunga duka Haitham alikuwa anasukuma gari lake la kopo ukumbini, anacheka, kikohozi hakuna. Nikasema alhamdulillahi, limepita. Nimekuja kujua baadaye kwamba hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Kitu kikishaingia kwenye njia ya hewa mtoto hukohoa mpaka uso unageuka rangi, halafu kikipata pa kukaa, hutulia. Anacheza, anakula, na nyumba nzima inasahau.

Baada ya siku kadhaa kikohozi kilirudi, mara hii na homa. Nilinunua dawa ya maji kwenye duka la dawa. Haikumsaidia, nikamshuku muuzaji kwamba kaniuzia iliyopitwa na wakati, nikarudi nayo kuigombea. Halafu nikamshuku jirani aliyekuwa akipaka milango rangi na vanishi. Halafu kuta za nyumba yetu, zile zenye unyevu na chumvi. Mwisho nikampeleka hospitali.

Daktari wa kwanza alikuwa mzee mpole. Alimpima, akauliza hili na lile, kisha akauliza, “Kuna siku alipaliwa? Njugu, kokwa, kitu chochote cha kuchezea?”

“Hata siku moja,” nikamjibu.

Nilijibu kwa sauti ya mtu anayeapa, na mimi mchana kutwa nilikuwa chini nachomelea hereni za watu. Niliona ananituhumu, ati mimi baba nisiyejua kulea mke akiwa hayupo. Yule mzee hakuwa na kosa. Swali aliuliza, na lilikuwa ndilo hasa. Mimi ndiye niliyelijibu kwa niaba ya nyumba ambayo sikuwamo. Akapiga picha ya kifua, picha ikatoka safi. Akaandika dawa za nimonia. Haitham akapata nafuu, homa ikashuka, nikafurahi. Dawa zilipokwisha, homa ikarudi na kikohozi chake. Tukarudi, tukapewa nyengine, ikawa vilevile. Mara ya tatu wakasema huenda ni pumu, tukapewa dawa ya kuvuta. Mtoto akivutishwa analia, na kifua kinafanya vilevile.

Hapo shaka yangu ikafanya jambo jema. Mchana mmoja Haitham amelala kwenye mkeka, niliinama nikaweka sikio kifuani pake. Upande wa kushoto hewa ilikuwa inapita kama kawaida. Upande wa kulia nikasikia mluzi mwembamba, kama wa birika kabla halijachemka sawasawa, na pumzi yenyewe ni ndogo. Nikahamisha sikio, nikarudisha. Mluzi uko kulia tu. Nikajiuliza, pumu gani hii inayochagua upande?

Ningelichukua swali hilo nikalipeleka kwa daktari, mambo yangekwisha siku ile. Sikulipeleka. Nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu, na mtu alikuwa karibu. Kwenye kikapu cha Bi Tatu niliona chupa ya dawa ya maji, rangi ya kahawia.

“Hii nini?”

“Dawa yangu ya kifua, Bwana Suleiman.”

“Au dawa ya kumlaza mwanangu? Ndiyo maana namkuta kila siku amelala. Ndiyo maana kifua chake kimeharibika.”

“Mwanao simpi hata uji bila kuuonja mimi kwanza,” akasema.

“Kusanya vitu vyako, Bi Tatu. Uende zako.”

Alijifunga buibui lake, akamwinamia Haitham akambusu kichwani, na wewe akakushika shavu. Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya pazia la ukumbi. Ulianza kulia, nikadhani unalia kwa kumpenda. Nusu ya ukweli ilikuwa hiyo.

Mama yako akarudi kutoka Jambiani siku ya pili yake. Hakufika hata kuvua viatu. Alimchukua Haitham, akamsikia anavyohema, akanigeukia.

“Mtoto huyu nilikuachia anacheka. Umemfanya nini?”

Basi na mimi nikaonja kushukiwa. Nikamweleza habari za Bi Tatu na chupa, hakuniamini. Alisema Bi Tatu anamjua, hawezi, labda ni kijicho cha watu. Shangazi yako akaleta kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, tukamnywesha, tukamsomea. Sikatai dua hata leo. Lakini usiku ule nyumba yetu ilikuwa na watu wazima watatu, kila mmoja anamtazama mwenziwe kwa pembe ya jicho, na mtu pekee aliyejua kilichotokea alikuwa amejifunika shuka gubigubi, ana miaka sita.

Homa ilipopanda tena tulikwenda hospitali nyengine. Wewe tulikuchukua kwa kuwa siku hiyo shangazi yako hakuwapo, hakuna mwengine wa kukuachia. Tukapokelewa na daktari wa kike, Daktari Ruqayya, kijana, hata nikamuuliza mama yako kwa kunong'ona kama huyu kamaliza masomo. Yeye alimsikiliza Haitham muda mrefu kuliko mtu yeyote kabla yake. Mbele, mgongoni, kwapani, upande huu, upande ule, akirudia. Halafu akavua kile chombo cha kusikilizia akanitia mimi masikioni.

“Sikiliza huku, mzee wangu. Sasa huku.”

“Kulia kuna mluzi,” nikasema. “Na hewa ni kidogo. Mimi nilishausikia.”

“Ulimwambia nani?”

Nikamrudishia chombo chake. Akauliza swali lilelile la yule mzee: kuna siku alipaliwa? Mama yako akasema hakuwapo. Mimi nikaanza, “Hata siku—” akanikatiza kwa upole.

“Ulikuwa naye muda wote?”

“Hapana. Nilikuwa dukani.”

“Alikuwa na nani?”

“Na mwanamke mmoja. Nimemfukuza. Na huyu dada yake.”

Daktari Ruqayya akakutazama. Akatuomba mimi na mama yako tumpeleke Haitham kwa nesi akapimwe uzito. Mama yako akenda. Mimi, kwa shaka zangu, nikasimama nje ya mlango uliobaki wazi kidogo. Niliona anavuta kigoda anakaa, uso wake ukawa sawa na wako.

“Nasra, wewe na Haitham mkiwa wawili mnapenda kula nini?”

“Ubuyu,” ukasema.

“Hata mimi naupenda. Haitham anajua kutema kokwa?”

Ukatikisa kichwa.

“Siku ile alikohoa sana?”

“Alikohoa mpaka akawa analia na sauti haitoki. Na hapa,” ukashika midomo yako, “pakawa peusi. Nkampiga mgongoni. Nkampa maji. Halafu akalia kwa sauti.”

“Ulimwambia mtu?”

Ukavuta ncha ya gauni lako. Kisha ukasema maneno ambayo mimi hadi leo nikiwa peke yangu dukani yananijia. “Bi Tatu kafukuzwa. Na mimi nkisema, ntafukuzwa?”

Sikuweza kuingia, mwanangu. Nilibaki palepale nje.

Daktari Ruqayya hakukwambia kwamba umekosa, wala hakukwambia kwamba hukukosa. Alikwambia, “Umenisaidia kujua ugonjwa wa nduguyo. Hakuna mwengine aliyeweza.” Akakupa kidole chake ukakishika, mkatoka pamoja.

Mimi bado nikabisha. Nikamwambia picha ilipigwa, ilikuwa safi, kokwa ingeonekana. Akanieleza bila kunidharau. Picha huona chuma, sarafu, kifungo cha shaba. Kokwa ya ubuyu, njugu, kipande cha nazi, hivyo kwa picha ni kama havipo. Kinachotafutwa ni alama zake. Akataka picha mbili, moja Haitham akivuta pumzi, moja akiitoa, na nesi alihangaika kungoja mpaka kilio cha mtoto kifike mwisho wa pumzi. Daktari akaziweka picha mbele ya mwanga, moja pembeni ya nyengine.

“Tazama hapa ametoa pumzi. Pafu la kushoto limesinyaa, ndivyo inavyotakiwa. La kulia limebaki limejaa vilevile, mpaka limesukuma moyo upande wa pili. Hewa inaingia kwa kupenya, kutoka haiwezi. Kuna kitu mlangoni.”

“Na kama picha hii nayo ingetoka safi?” nikamuuliza.

“Ningempeleka hivyohivyo. Alichosema binti yako kinatosha.”

Hapa Unguja siku zile hakukuwa na mtu wa kumtoa kokwa mtoto mdogo kiasi kile, tukapelekwa Dar. Kwenye boti mama yako alimshika Haitham wima njia nzima, hakukubali nimpokee, kwa hofu kwamba kitu kitahama na kuziba pote. Hofu yake haikuwa ya bure. Daktari naye alisema jambo lilo hilo, ndiyo maana hakutaka tungoje. Wewe ulibaki kwa shangazi yako.

Kule walimlaza kwa dawa ya usingizi, wakamwingizia kooni bomba jembamba lenye taa. Tulikaa kwenye benchi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumshuku yule daktari wa Dar kwa sababu alikuwa na mikono minene. Alipotoka alikuwa na kibakuli cha chuma, ndani yake kokwa moja ya ubuyu, rangi yake nyekundu imetoka yote, imelegea, na usaha kidogo pembeni.

“Nyuma yake palikuwa pameoza,” akasema. “Ndiyo ile homa inayorudi. Dawa zilikuwa zinaua vijidudu, lakini nyumba yao imebaki. Mngechelewa zaidi, sehemu ile ya pafu isingepona.”

Mama yako alilia kwa furaha. Haitham alipozinduka alidai chai, kwa sauti ya kukwaruza, na akapewa kijiko kimoja baada ya muda. Tulikaa naye mpaka homa ikakata kabisa. Niliweka sikio kifuani pake mara nyingi, hata nesi akawa ananicheka. Kulia na kushoto vikawa sawa.

Tuliporudi Unguja nilikwenda Jang'ombe. Bi Tatu alikuwa barazani kwake anachambua mchele. Hakuinuka.

“Shikamoo, Bi Tatu,” nikamwambia. Kwa umri alistahiki, na kabla ya hapo sikuwahi kumpa.

“Marahaba. Mtoto hajambo?”

Nikamweleza yote: kokwa, Dar, chupa yake ya dawa ambayo ilikuwa kweli dawa yake. Alisikiliza huku anatoa chuya, hakuinua uso mpaka nilipomaliza.

“Siku ile nilikwambia ghafla,” akasema. “Ungeniuliza ghafla vipi, ningekwambia mdomo wake ulikuwa unanuka ubuyu. Hukuniuliza. Uliniuliza kafanywa nini.”

Nikamwomba msamaha, nikamwomba arudi.

“Nimekusamehe, wallahi. Lakini sirudi. Nyumba ya kutazamwa mikono siiwezi.” Halafu akasema, “Nasra asipigwe.”

Hukupigwa. Wala hatukulizungumza tena, mimi na mama yako, na sasa sioni kama ilikuwa busara. Tulidhani ukiachwa utasahau. Lakini nimekuwa nikikutazama. Ubuyu ukiletwa nyumbani wewe huondoka chumbani. Watoto wa wageni wakila kitu wewe husimami mbali, na jicho lako halibanduki vinywani mwao. Ulipotwambia unataka udaktari wa watoto, mama yako alishangaa. Mimi sikushangaa.

Kwa hiyo nnakuandikia ili ulijue kutoka kwangu. Ulikuwa mtoto uliyempa mdogo wako kitu kitamu unachokipenda. Kokwa ilikwenda kombo. Aliyekufunga mdomo ni mimi, uliyeniona nikimfukuza mtu bila ushahidi. Na uliyemtoa nduguyo kwenye hatari ni wewe, kwa sababu alitokea mtu aliyejua kukuuliza.

Walimu wako watakufundisha mapafu na picha na mabomba, na mimi siwezi kukufundisha hayo. Lakini utaletewa mtoto anayekohoa, na aliyemleta atakuapia kwamba hakuna kilichotokea. Huenda anasema kweli, huenda hakuwapo, huenda anamwogopa mume wake au mkwewe au bosi wake. Shaka unayo, umeirithi kwangu, usiione aibu. Ushuku ugonjwa. Ishuku picha iliyotoka safi, ishuku nafuu inayokwisha pamoja na dawa, ushuku mluzi unaokaa upande mmoja. Yule mtu aliye mbele yako mwache avute pumzi kwanza. Muulize nani alikuwa na mtoto, halafu mtafute huyo, hata kama ni wa miaka sita.

Jambo moja bado. Haitham, unavyomwona sasa na ndevu zake tatu, anajua alitolewa kokwa. Asilolijua ni nani alimpa ubuyu. Hatukumwambia. Juzi, alipokuwa ananisaidia kufungua duka, aliniuliza mwenyewe.

“Baba, ule ubuyu nilipewa na nani?”

Nikamwambia, “Na aliyekuokoa.”

Akanitazama kwa ule mtazamo wangu mwenyewe wa kusugua dhahabu kwenye jiwe. “Huyo nani?”

“Muulize dada yako kabla hajasafiri,” nikamwambia.

Hajakuuliza bado. Anakuzungukazunguka tangu jana, nimemwona. Akija, usimtoroke, mwanangu. Mkalishe, mwambie.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama.

Baba yako,
Suleiman